Mraba wa Nusu Inchi: Historia ya Adapta ya Soketi, na Siku Tano Nilizopoteza za Mvua

Leo naweka kando mbegu na mbolea. Nataka tuzungumze juu ya kipande cha chuma kinachoenea kiganjani, ambacho wenye maduka ya spea hukitupia kwenye kopo pamoja na washa na pini. Kinaitwa adapta ya soketi. Upande mmoja kina tundu la mraba, upande mwingine kina ncha ya mraba ya saizi nyingine. Kazi yake ni kuoanisha mpini na soketi (wengine tunaita boksi) ambavyo mraba wake haulingani. Nataka ujue kilitoka wapi, kwa sababu mimi sikujua, na kutojua kulinigharimu.

Ilikuwa Desemba, wiki ya mvua za kwanza hapa kwetu Kongwa. Trekta la jirani, Massey Ferguson 135 lililonizidi umri, lilikuwa limekodishwa na kaya saba kwa zamu, na zamu yangu ilikuwa ya tatu. Likiwa katikati ya shamba langu, gurudumu la nyuma likapata pancha. Nati za gurudumu zilikuwa na kutu ya miaka. Soketi pekee iliyozitosha tuliazima kwa fundi wa malori, nayo tundu lake la mraba lilikuwa la robo tatu ya inchi. Mpini wake mwenyewe hakutupa, alikuwa ameondoka nao kwenda kumwokoa dereva barabarani. Sisi mpini tuliokuwa nao ni wa nusu inchi. Nikachomoa adapta kwenye sanduku langu kwa furaha, nikijiona fundi.

Nati tatu zikafunguka. Ya nne ikagoma. Tukachomeka bomba la maji la mita moja na nusu kwenye mpini, nikaning'inia kwa uzito wangu wote. Pa! Nilikuwa chini, mdomo umepasuka, na ncha ya mraba ya mpini imekatika na kubaki ndani ya adapta kama jino ndani ya muwa. Kupata mpini wa robo tatu kulichukua siku tano. Kaya nne zilikuwa zinasubiri nyuma yangu. Wa kwanza katika foleni hiyo alikuwa bibi mmoja aliyeuza mbuzi wawili ili alipie trekta. Alipanda mtama wake mvua ikiwa imeshakata, na ukaota kwa madoa-madoa. Alikuja kunipa pole ya mdomo. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Basi nikiwa nauguza mdomo nikaanza kujiuliza maswali ya kitoto. Kwa nini bolti za trekta lile hazilingani na za pikipiki yangu? Kwa nini mashine ya kusaga ya kijiji ina spana zake peke yake, ambazo hazifai kitu kingine chochote? Na kama bolti za dunia nzima zimegombana hivi, imekuwaje soketi iliyotengenezwa China juzi iingie bila shida kwenye mpini wa Kiingereza wa zamani za babu?

Tuanze na ugomvi wa bolti, maana huo ndio wa kwanza.

Kabla ya katikati ya karne ya 19, kila karakana ya Uingereza ilichonga bolti kwa vipimo vyake. Nati ya karakana moja haikuingia kwenye bolti ya karakana nyingine. Mwaka 1841 fundi mkubwa aitwaye Joseph Whitworth alipendekeza utaratibu mmoja: meno ya bolti yawe na pembe ya digrii 55, na kila unene wa bolti uwe na idadi yake maalumu ya meno kwa inchi. Reli zikaufuata, viwanda vya meli vikaufuata, na kwa kuwa Waingereza waliuza mashine kila kona, bolti za Whitworth zikasafiri nazo.

Lakini mwaka 1864, kule Philadelphia Marekani, mtengenezaji wa mitambo William Sellers alisimama na kusema kipimo cha Whitworth ni kigumu kuchonga. Yeye akataka digrii 60, ambazo fundi yeyote mwenye kifaa cha kawaida anaweza kuzipima. Wamarekani wakamfuata. Kwa unene mwingi idadi ya meno ilifanana, ila kwenye bolti ya nusu inchi Mwingereza alikuwa na meno 12 kwa inchi na Mmarekani 13. Ulaya bara nao walikuwa na milimita zao, na mkutano wa Zurich wa mwaka 1898 ukaweka utaratibu wa meno ya milimita. Ndiyo zikawa koo tatu za bolti, na hazikuoana.

Kuna jambo moja hapa la kulishika, kwa sababu linawachanganya watu wengi hadi leo. Spana ya Whitworth imeandikwa unene wa bolti, siyo upana wa kichwa. Spana iliyochapwa 1/2W haifungui kichwa cha nusu inchi. Inafungua kichwa cha bolti yenye unene wa nusu inchi, na kichwa hicho kina upana wa zaidi kidogo ya milimita 23. Spana za Kimarekani, na za Kiingereza za baadaye, hufuata kipimo cha A/F, maana yake ni upana wa kichwa chenyewe kutoka bapa moja hadi bapa ya pili. Kwa hiyo spana mbili zote zimeandikwa nusu, moja ni ya milimita 23 na kitu, nyingine ni ya milimita 12.7. Nimewahi kumwona kijana wa duka akimrudishia mteja spana akimwambia imechapwa vibaya kiwandani. Haikuchapwa vibaya. Ni ya ukoo mwingine.

Sasa tuje kwenye mpini.

Zamani kila saizi ya nati ilikuwa na spana yake nzima. Wapo waliotafuta njia ya mkato kwa spana ya kurekebisha mdomo, ile ambayo mafundi wetu wanaiita spana malaya. Msweden Johan Petter Johansson ndiye aliyeipa umbo tunalolijua, mwishoni mwa karne ya 19. Inafaa, lakini mdomo wake hulegea na kuharibu kona za nati, na jina lake la mtaani linakueleza mafundi wanaiaminije.

Njia nyingine ilikuwa kutenganisha mpini na kichwa. Tarehe 16 Juni 1863 Mmarekani J. J. Richardson wa mji wa Woodstock, jimbo la Vermont, alipewa hati ya uvumbuzi wa mpini wa racheti wenye soketi za kubadilisha. Racheti ni ule mpini unaolia kr-kr-kr ukiurudisha nyuma bila kuitoa soketi kwenye nati. Wazo lilikuwa zuri ila halikuwa na wateja wengi. Nani wakati huo alikuwa na mashine yenye bolti mia mbili zilizojificha kwenye pembe ambazo mkono haufiki?

Jibu lilikuja na gari. Ford alianza kuuza Model T mwaka 1908, na watu wa mashambani wa Marekani, wakulima kama wewe, wakajikuta wana injini nyumbani na fundi yuko mbali. Hapo ndipo seti za soketi zilipopata soko. Nyingi za mwanzo zilikuwa na kasoro moja kubwa: soketi na mpini viliuzwa kama mume na mke, havitengani na havichanganyiki na vya kampuni nyingine.

Joseph Johnson alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha Milwaukee. Alitaka mipini michache ya maumbo tofauti, na soketi nyingi, zote zikiwa na mraba mmoja ili zibadilishane. Mwajiri wake hakuvutiwa. Johnson na mwenzake William Seidemann wakatengeneza sampuli, wakapata oda, na mwaka 1920 wakaanzisha kampuni ya Snap-on. Biashara yao ilikuwa hesabu rahisi: mipini 5 na soketi 10, ukizichanganya unapata zana 50. Mnunuzi analipia vipande 15.

Irudie hesabu hiyo taratibu, kwa sababu ndiyo siri ya sanduku zima la fundi. Faida haikai kwenye soketi wala kwenye mpini, inakaa kwenye kile kiungo cha mraba. Kiungo kikifanana, kila soketi unayoongeza inaongeza zana tano.

Johnson hakuwa peke yake, na miaka ya 1920 na 1930 kila mtengenezaji alijaribu mraba wake. Kulikuwa na 9/32 ya inchi, kulikuwa na 7/16, kulikuwa na 5/8. Ukinunua mpini wa huyu, soketi za yule hazikuingia. Ndipo adapta ilipopata kazi yake: fundi mwenye soketi nzuri za mraba uliokufa hakutaka kuzitupa, akanunua kipande cha kuziunganisha na mpini mpya. Polepole miraba ya ajabu ikafa sokoni, zikabaki tano tunazozijua: robo inchi, 3/8, nusu, robo tatu na inchi moja.

Na hapa kuna jambo linalonichekesha. Wajerumani na Wajapani, ambao bolti zao ni za milimita, nao waliupokea mraba wa inchi. Hawakuwa na sababu ya kupigana nao. Ukiangalia boksi la soketi lililofuata viwango vya kimataifa utaona limeandikwa 6.3, 10, 12.5, 20 au 25. Wewe mwenye duka usitishike wala usimwambie mteja hiyo ni saizi mpya. 12.5 ni nusu inchi ileile imevaa kanzu ya milimita, na 10 ni 3/8.

Dunia haikuafikiana kuhusu kichwa cha bolti, lakini iliafikiana kuhusu tundu la nyuma ya soketi. Ndiyo maana soketi ya China inaingia kwenye mpini wa babu.

Sasa ugomvi huo ulifikaje kijijini kwetu? Wasomaji wa Kongwa wanajua nitakapoelekea.

Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapa na mpango wa karanga. Vita vya pili vilikuwa vimekwisha, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula, na wakapanga kufyeka mamilioni ya ekari za pori. Matrekta mapya hayakupatikana. Wakanunua mitambo iliyotumika na jeshi la Marekani, mingine ikiwa imelala Ufilipino tangu vita. Wakachukua pia vifaru vya Kimarekani vya Sherman, na kiwanda cha Vickers cha Uingereza kikavigeuza kuwa matrekta. Kabla ya mwaka huo kwisha, karibu theluthi mbili ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa hayafanyi kazi. Ekari zilizopangwa kulimwa mwaka wa kwanza zilikuwa 150,000, na zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zikawa zimepotea.

Sisemi spana ndizo zilizoua mpango wa karanga. Udongo wetu hugeuka saruji kiangazi, mvua ikakosekana, mibuyu na mizizi ikavunja majembe, na watu waliopanga hawakutaka kumuuliza Mgogo aliyekuwa akilima hapa. Lakini fikiria karakana ya mwaka ule: mtambo wa Kimarekani wenye meno ya digrii 60 na vichwa vya A/F, pembeni yake gari la Kiingereza lenye bolti za Whitworth, na bolti iliyopotea ya huyu haiwezi kuzibwa na bolti ya yule.

Vita yenyewe ilikuwa imewafundisha Waingereza na Wamarekani somo hili kwa gharama. Kampuni ya Packard ya Marekani ilipopewa kazi ya kutengeneza injini ya ndege ya Rolls-Royce, ililazimika kujitengenezea vifaa vya kuchongea meno ya Kiingereza, kwa kuwa Marekani hakukuwa na anayevitengeneza. Tarehe 18 Novemba 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zikasaini mapatano ya meno ya pamoja ya digrii 60. Kongwa wakati huo matrekta mengi yalikuwa tayari yameegeshwa.

Kulikuwa na mtu mwingine aliyeutatua ugomvi huu kwa njia nyingine kabisa, na mimi nampenda zaidi. Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, alitoa trekta lake dogo la TE20 kule Coventry kuanzia mwaka 1946. Alilipangia vipimo vichache sana vya nati kwenye sehemu ambazo mkulima anazigusa. Spana moja yenye midomo miwili ilitosha karibu marekebisho yote ya zana za nyuma, na ubavuni ilichapwa alama za inchi ili mkulima apimie mtaro wa jembe. Hakuongeza spana, alipunguza saizi za nati. Wazee waliowahi kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi wanaikumbuka spana hiyo kama wengine wanavyokumbuka mke wa kwanza.

Kampuni yake ikaungana na Massey-Harris, na kutoka ukoo huo likaja 135, lililoanza kutoka kiwandani mwaka 1964. Hilo lilikuja baada ya mapatano ya 1948, kwa hiyo bolti zake nyingi ni za A/F: 7/16, nusu, 9/16, robo tatu. Mashine za kusaga zina hadithi yake. Injini ya Lister ya Dursley, ile ya gurudumu kubwa inayopiga tuk-tuk-tuk, ni ya kabla ya vita na ilibaki na bolti za Whitworth. Wahindi wa Rajkot waliiga injini hiyo na kuisambaza huku kwetu. Ndiyo sababu mwenye mashine ana spana zake zilizochapwa 3/8W na haazimishi mtu. Kisha zikaja Toyota, zikaja pawa tila za Kilimo Kwanza kuanzia 2009, zikaja bodaboda. Hizo zote ni milimita.

Hata milimita nazo zina makabila. Bolti ya unene wa milimita 8, Mjerumani ameipa kichwa cha 13, Mjapani kichwa cha 12. Ya unene wa 10, Mjerumani wa zamani ni 17, viwango vya kimataifa ni 16, Mjapani mara nyingi 14. Ndiyo maana seti ya bei rahisi yenye 13 na 16 lakini isiyo na 12 na 14 haikusaidii kwenye Toyota wala kwenye pikipiki iliyofuata michoro ya Kijapani. Kabla hujalipa, fungua boksi uhesabu.

Kwa hiyo mkulima mmoja wa kawaida, mwenye pikipiki, anayekodi 135 na kupeleka mahindi kwenye Lister, anagusa koo tatu za bolti kwa wiki moja. Akinunua seti tatu kamili amefilisika. Lakini akinunua mpini mmoja mzuri wa nusu inchi, racheti moja ndogo ya 3/8, na adapta mbili za kupanda na kushuka kati yake, anaweza kununua soketi mojamoja kadiri kazi zinavyotokea, za ukoo wowote na mraba wowote kati ya hizo mbili. Wewe mwenye duka la kijijini, hapo ndipo pesa ilipo. Usilaze mtaji kwenye seti kubwa za kung'aa. Weka adapta na soketi za rejareja, hasa 9/16 A/F, 12, 14 na 18.

Nimesema 18 makusudi. Kichwa cha bolti ya 3/8 Whitworth kina upana wa milimita 18.03, hivyo soketi ya 18 inakaa vizuri. Robo tatu A/F ni 19.05, na soketi ya 19 inaikubali kwenye bolti nyingi ambazo rangi na kutu havijazivimbisha. 5/8 A/F na milimita 16 ni ndugu. Lakini usidanganyike na nusu inchi A/F: ni 12.7, ukiipa 13 itaingia, utafurahi, na ukikaza mkono italamba kona zote sita. 9/16 ni 14.29: soketi ya 14 haiingii, na 15 inaserereka. Hizo mbili nunua zake, na ziwe za pembe sita. Za pembe kumi na mbili ni nzuri kwa nati mpya, si kwa nati yenye kutu.

Sasa nirudi kwenye kosa langu, maana hapa ndipo adapta ina ubaya wake.

Nilidhani kwa kuwa soketi ni ya robo tatu, basi kazi yangu imepanda kuwa ya robo tatu. Si kweli. Chuma kinachosokotwa kina nguvu kwa kadiri ya upana wake ukizidishwa mara tatu wenyewe kwa wenyewe. Hesabu kwa thumuni za inchi, ni rahisi hivyo. Robo inchi ni thumuni 2: mbili mara mbili mara mbili, 8. 3/8 ni thumuni 3, unapata 27. Nusu ni 4, unapata 64. Robo tatu ni 6, unapata 216. Inchi moja ni 8, unapata 512. Kwa chuma cha aina moja, mraba wa robo tatu unahimili zaidi ya mara tatu ya mraba wa nusu, na mraba wa nusu unahimili mara nane ya ule wa robo.

Mnyororo wote una nguvu ya mraba wake mdogo. Ukipanda kutoka nusu kwenda robo tatu kama nilivyofanya, bado una 64, na kitakachokatika ni ncha ya mpini. Ukishuka kutoka mpini wa robo tatu kwenda soketi ya nusu, adapta ndiyo itakayokatika, na hatari ni kubwa zaidi kwa sababu mpini mrefu unakudanganya kwamba una 216. Ukishuka kutoka nusu hadi robo kufungua bolti za kabureta, mara nyingi bolti yenyewe ndiyo itakayokatika kabla hujasikia chochote mkononi. Huko kamata mpini karibu na kichwa chake, kwa vidole viwili.

Halafu kuna bomba. Mpini wangu ulikuwa na urefu wa sentimita 40 hivi. Mtu wa kilo 70 akiuninginia anatoa msokoto wa kilo 28 kwa mita. Kwenye bomba la mita moja na nusu, mtu yuleyule anatoa 105. Nilizidisha mzigo karibu mara nne kwenye mraba wa 64, kisha nikaushangaa ulipokatika.

Kama huna budi kupanda kwa adapta, fanya kazi kwa mafuta na subira. Mimina mafuta mepesi kwenye meno jioni, gonga kichwa cha nati kwa nyundo, mimina tena asubuhi. Jaribu kukaza kidogo kabla ya kufungua, kutu hupasuka kwa kutikiswa kuliko kwa kuvutwa. Vuta kuelekea kwako, usisukume, na usisimame mahali utakapoangukia chuma. Na tafadhali usiweke adapta ya rangi ya fedha kwenye mashine ya upepo ya kufungulia matairi. Za mashine ni nyeusi na nene.

Kabla sijamaliza, kisa kimoja kwa wenye biashara. Ile racheti yenye kitufe mgongoni, unakibonyeza soketi inadondoka yenyewe, ilibuniwa Marekani na kijana wa miaka 18 aitwaye Peter Roberts, muuzaji katika duka la Sears. Hati ya uvumbuzi ilitoka mwaka 1965, na akaiuza haki yake kwa Sears kwa malipo yasiyozidi dola 10,000. Racheti hizo ziliuzwa kwa mamilioni. Akaenda mahakamani kudai kwamba alifichwa thamani halisi, wazee wa baraza wakakubaliana naye, lakini kesi ikaburuzwa kwa miaka mingi. Siku ukimuona fundi wa kijiji chako amebuni kitu, mwambie ahesabu kabla ya kusaini.

Ile nati ya nne tuliifungua siku ya sita. Fundi wa malori alirudi na mpini wake wa robo tatu, mrefu kama mchi. Akainama, akaupangusa mraba kwa kanga kuukuu, akauingiza kwenye soketi moja kwa moja bila kitu katikati. Akavuta mara moja. Nati ikalia kama mlango wa ghala na ikageuka. Ile adapta yenye jino ndani yake ninayo mezani ofisini. Yule bibi akija kuuliza habari za mbegu huichukua, huigeuza-geuza, kisha huirudisha mahali pake.